Je, Maadui Hawana Majina?



Katika likizo ya Juni tulipata mgeni nyumbani, mjukuu wetu wa kidato cha tatu, kijana wa miaka 16. Alikuja na begi la nguo, vitabu viwili ambavyo hakuvifungua, na mashine ya PlayStation 4 aliyopewa na mjomba wake. Siku ya pili tu sebule yetu ilianza kunguruma kwa milio ya risasi. Tulikuwa jikoni tukichagua mchele. Tukafuta mikono, tukaenda kwa nia moja, yaani kuizima mashine ile na kumrudisha kijana kwenye vitabu vyake.

Tulipofika mlangoni risasi zilikuwa zimekoma. Kwenye kioo cha televisheni tuliona gari likijaribu kupanda mlima wenye tope, magurudumu yakizunguka bure. Mjukuu wetu alimshusha dereva, akamfanya avute waya wa chuma kutoka mbele ya gari, akauzungusha kwenye mti, na gari likajivuta juu polepole. Kila mtu aliyesafiri katika milima yetu wakati wa masika aijua kazi hiyo. Tukasahau lililotuleta, tukaketi.

Tangu siku hiyo tumeketi mara nyingi, tukatazama, tukauliza maswali mengi kuliko kijana alivyopenda. Wazazi wa mtaa wetu hutuuliza, kwa kuwa tulikuwa walimu wa chuo cha ualimu, kama michezo ya video ni mizuri au ni mibaya. Zamani tulikuwa na jibu fupi. Sasa hatunalo tena, na hapa chini tutaeleza jinsi lilivyotutoka.

Hatutasema juu ya michezo yote, maana ni mingi na haifanani, kama vile vitabu visivyofanana. Tutasema juu ya aina moja, yaani ile michezo mikubwa ya safari na mapambano inayotengenezwa kwa fedha nyingi, ambamo mchezaji humwongoza mtu mmoja katika hadithi ndefu mfano wa filamu. Tena tutachukua mifano miwili tu, yote ya nyumba moja, Naughty Dog ya Santa Monica, California, huko Marekani. Wa kwanza ni Uncharted 4, uliotoka mwaka 2016. Wa pili ni The Last of Us Part II, uliotoka mwaka 2020.

Tuanze na sifa, maana sisi wazee tuna desturi mbaya ya kulaumu kitu ambacho hatujakitazama.

Uncharted 4 ni hadithi ya Nathan Drake, mtafuta hazina za kale aliyeiacha kazi hiyo na kutulia na mkewe, Elena. Ndugu yake, aliyedhaniwa amekufa, anatokea mlangoni na kumwomba msaada. Drake anamdanganya mkewe na kuondoka. Safari inawafikisha Madagaska, kisiwa cha bahari yetu hii ya Hindi. Humo kuna soko lenye watu, nyanda pana, minara iliyobomoka juu ya vilima, mvua na majani yanayoinama kwa upepo. Nyuso za watu nazo zimefanyiwa kazi. Waigizaji halisi walivaa vifaa vya kunasa mwendo wa miili yao, kisha mafundi wakauhamishia kwenye picha. Elena anapogundua kwamba amedanganywa, hapigi kelele. Tumewahi kuwaona wanawake wakikaa kimya namna hiyo, na twakiri kwamba hatukutegemea kukiona kimya hicho ndani ya mchezo wa vijana.

Basi sifa ya kwanza ya michezo hii ni kujali. Kuna mtu aliyeajiriwa afikiri jinsi tope linavyoshika gurudumu. Kuna mwingine aliyefikiri mwanga wa jioni utaangukaje juu ya ukuta wa mawe. Tulikuwa tukiwafundisha wanachuo wetu kwamba zana za kufundishia zilizotengenezwa kwa uvivu humfundisha mtoto uvivu. Hapa hatukuona uvivu. Kijana anayekaa mbele ya kazi ya namna hii anakaa mbele ya kazi ya watu waliojitahidi, na hilo si jambo dogo.

Ndipo ikafika zamu ya mapambano. Maadui ni askari wa kukodiwa wa kampuni ya kubuniwa iitwayo Shoreline, ya Afrika Kusini. Mjukuu wetu alimlaza Drake katika majani marefu. Karibu naye askari wawili walikuwa wakipiga gumzo, kama walinzi wafanyavyo kila mahali. Mmoja wao akasogea hadi ukingo wa jabali. Mkono ukatoka chini, ukamvuta, akaanguka. Muda mfupi baadaye Drake alikuwa akitaniana na ndugu yake.

“Huyo aliyeanguka ni nani?” tukauliza.

“Ni adui tu, Bibi.”

“Anaitwa nani?”

Akacheka kwa adabu. “Bibi, maadui hawana majina.”

Hakusema hivyo kwa ukatili. Ni mtoto mpole. Asubuhi ile ile alikuwa amempelekea uji jirani yetu mgonjwa, bila kutumwa. Alitueleza tu jinsi mchezo ulivyo, na alisema kweli. Lakini jibu lake lilitukaa moyoni usiku kucha.

Kwa miaka zaidi ya 30 tulianza kila asubuhi kwa daftari la mahudhurio. Majina yaliitwa moja moja, na aliyeitwa aliitika. Asiyeitika tuliuliza habari zake kabla ya kuendelea. Wanachuo walipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha tuliwaagiza wajifunze kwanza majina ya watoto, maana mwalimu anayesema “wewe wa nyuma pale” amekwisha kumpoteza mtoto huyo. Twajua basi ni nini maana ya kundi la watu wasio na majina. Ni watu ambao lolote laweza kuwapata, na somo likaendelea.

Watengenezaji wenyewe walilijua jambo hili. Mwaka 2007 mbunifu mmoja wa michezo, Clint Hocking, akiandika juu ya mchezo mwingine uitwao BioShock, alitunga jina la kitaalamu la mfarakano kati ya yale hadithi inayoyasema na yale mchezaji anayoyatenda. Watu wengi wakalitumia jina hilo kuusema mfululizo wa Uncharted, wakiuliza inakuwaje mtu mcheshi, mwenye huruma, ampendaye mkewe, aue mamia ya watu na kulala usingizi. Naughty Dog wakajibu kwa mzaha. Ndani ya Uncharted 4 waliweka nishani anayopewa mchezaji akishinda maadui 1,000, na nishani hiyo wakaipa jina lile lile la kitaalamu. Kwa hiyo walioanguka walihesabiwa. Walihesabiwa ili tucheke.

Kuna wengine pia ambao hawakuhesabiwa. Hazina inayotafutwa katika mchezo ni ya Henry Avery, haramia wa Kiingereza. Mtu huyo alikuwapo kweli. Mwaka 1695 yeye na wenzake waliiteka Ganj-i-Sawai, meli ya Mfalme Aurangzeb wa India, iliyokuwa ikirudi Surat na mahujaji waliotoka Maka. Waliokuwamo waliteswa, na wanawake wakabakwa. Katika mchezo, kisa hicho ni chanzo cha dhahabu tu. Tunatafuta ramani, tunafungua milango ya siri, tunastaajabia akili za haramia. Mahujaji wa meli ile hatuwaoni. Sisi tunaoishi kando ya bahari hii, tunaojua ni watu wa namna gani waliosafirishwa juu yake kwa nguvu, yatupasa kuuliza hazina ilitoka mikononi mwa nani kabla ya kushangilia ilipopatikana.

Hapa msomaji mwenye busara atatuzuia. Atasema, “Mwalimu, huu ni mchezo. Ninyi wenyewe mlikimbizana vichakani na bunduki za mabua ya mtama. Bibi zenu waliwasimulia hadithi za sungura aliyemchoma fisi kwa maji ya moto, mkacheka. Wazee hucheza bao na kula kete za wenzao, wala hakuna anayelia.” Ni hoja ya haki. Tena twakiri kosa letu. Miaka iliyopita tuliwahi kuwaambia wazazi katika mkutano kwamba mtoto anayecheza michezo hii atakuwa mwuaji. Hatukuwa na ushahidi. Mwezi Machi 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitoa tamko kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kisayansi kusema michezo yenye mapigano husababisha vitendo vya mauaji na ukatili. Kilichoonekana ni uhusiano mdogo na ukali wa kawaida, mfano kufokeana na kusukumana. Basi wazazi tuliowatisha siku ile watuwie radhi.

Hata hivyo swali letu halijaisha. Tukimuuliza mtoto, “Je, utaua?” naye akajibu, “Hapana,” tumeuliza swali jepesi mno. Watu wengi hawataua mtu maishani mwao, lakini kila siku watapita mbele ya watu wasiowajua majina: mbeba mizigo sokoni, mlinzi wa benki, mfungwa anayefyeka majani barabarani. Bunduki ya bua ilikuwa mikononi mwetu, lakini aliyeanguka alikuwa rafiki yetu, naye aliamka na kudai zamu yake. Na katika bao kete iliyoliwa haitupwi, hupandwa tena upande wa aliyeila. Mchezo huu mpya una uwezo ambao mabua hayakuwa nao. Unaweza kumwumba mtu mzima, mwenye sauti na gumzo na mwenzake, kisha ukatuzoeza kwa saa nyingi kumwona kama kitu cha kuondoa njiani. Kadiri ufundi unavyozidi ndivyo swali linavyozidi uzito. Fisi wa hadithi hakuwa na uso wa jirani yetu.

Kwa nini watu wenye ufundi mkubwa namna hii wafanye hivyo? Sehemu ya jibu, twadhani, ni fedha. Mwaka 2023 huko Marekani kulikuwa na kesi baina ya tume ya serikali inayosimamia ushindani wa biashara na kampuni ya Microsoft. Kampuni ya Sony ilipeleka karatasi mahakamani, na gharama za michezo yake zikapakwa wino mweusi zisisomeke. Wino haukutosha, watu wakasoma. The Last of Us Part II uligharimu dola za Kimarekani milioni 220 hivi, na watu wapatao 200 waliufanyia kazi. Tufanye hesabu kama darasani. Mchezo huo uliuzwa dola 60. Hata kama kila senti ingemrudia mtengenezaji, nayo hairudi yote, ingebidi ziuzwe nakala zaidi ya milioni 3 na nusu kabla ya kupata faida hata kidogo. Ziliuzwa zaidi ya milioni 4 katika siku tatu za kwanza, kwa hiyo walipona. Lakini mtu aliyeweka milioni 220 mezani haachi mnunuzi apige miayo. Anaogopa kumwacha atembee tu, apande mlima, aongee na mkewe. Kila baada ya muda lazima risasi zilie, na ili risasi zilie lazima awepo wa kupigwa.

Fedha hizo pia zilidai jasho la watu. Machi 2020, kabla mchezo haujatoka, zilichapishwa habari kwamba wafanyakazi wa nyumba ile walikuwa wakikesha kazini na kukosa siku za mapumziko kwa muda mrefu. Yale majani mazuri yanayoinama kwa upepo yana gharama ambayo haimo katika zile milioni 220.

Sasa tuje kwenye mchezo wa pili, ambao ndio uliotutatiza zaidi. Tuliuona kwa mpwa wetu, mtu mzima mwenye familia, aliyekuja kutusalimu kwa siku nne na kuucheza usiku kijana akiwa amelala. Ni hadithi ya nchi iliyoharibiwa na ugonjwa. Msichana Ellie amelelewa na mtu aitwaye Joel kama mwanawe. Mwanamke aitwaye Abby anamwua Joel mbele ya macho yake, kwa sababu Joel alimwua baba yake Abby. Ellie anasafiri hadi mji wa Seattle kulipa kisasi.

Jambo la kwanza tuliloliona ni hili. Ellie alimpiga mtu mshale, na mwenzake aliyekuwa mbali akapiga kelele akimwita kwa jina. Tukadhani tumesikia vibaya. Akaanguka mwingine, naye akaitwa kwa jina lake. Hata mbwa wana majina. Watengenezaji wale wale waliotufanyia mzaha mwaka 2016 walikuwa wamekaa chini na kuwapa walioanguka majina, na watu wa kuwalilia.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Katikati ya safari, mchezo unamwondoa Ellie mikononi mwa mchezaji na kumkabidhi Abby, yule yule tuliyemchukia. Zile siku tatu za Seattle zinarudiwa kwa upande wake. Tunakula na rafiki zake. Tunacheza na mbwa aitwaye Alice, nasi twajua kwamba Ellie amekwisha kumwua kwa mikono yetu wenyewe. Mpwa wetu aliweka chini pedi, akasema, “Mama mdogo, hapa ndipo nilipotaka kuacha mara ya kwanza.” Tukamwelewa. Kitabu kingeweza kutueleza kwamba adui ana rafiki na mbwa. Filamu ingeweza kutuonyesha. Mchezo ulitufanya tuwatembelee baada ya kuwaua, na kwa kadiri tujuavyo hakuna aina nyingine ya hadithi iwezayo kumhusisha mtu kwa vidole vyake namna hiyo. Mwishoni Ellie anampata Abby, anamzamisha majini, kisha anamwachia.

Tuongeze sifa moja ambayo haihusu hadithi. Mchezo huo una njia zaidi ya 60 za kuwasaidia wenye ulemavu, hata asiyeona aweza kuumaliza kwa kufuata sauti. Mtu aliyefanya kazi hiyo aliwakumbuka watu ambao soko huwasahau.

Hapa ndipo penye fumbo. Bodi ya Ulaya inayopanga umri wa wachezaji iliupa Uncharted 4 alama ya miaka 16, na ile ya Marekani iliupa alama ya kuanzia miaka 13. The Last of Us Part II ulipewa miaka 18 huko Ulaya na 17 huko Marekani. Maana yake mjukuu wetu anaruhusiwa mchezo ambao kuua ni kwepesi na hakuachi alama, na anakatazwa mchezo ambao kuua ni kuzito na kila aliyeanguka analiliwa. Kipimo kinapima damu inayoonekana. Tulikaa siku kadhaa tukijiuliza kama kipimo hicho kimekaa juu chini. Ni upi umdhuruo mtoto zaidi, mkono mwepesi au jeraha lililoonyeshwa wazi?

Tulitaka kusema kwamba mchezo wa pili ndio mwema na wa kwanza ndio mbaya. Mambo mawili yalituzuia.

La kwanza, ndani ya mchezo wa pili kuna mahali ambapo Ellie anamtesa mtu ili apate habari, na hadithi haiendi mbele mpaka mchezaji abonyeze kitufe yeye mwenyewe. Hana njia nyingine. Kisha mchezo humwonyesha ubaya wa alichotenda. Mwalimu anayemwamuru mtoto aibe chaki, halafu anamwadhibu kwa wizi, hajamfundisha uaminifu. Uhuru pekee wa mchezaji pale ni kuzima mashine, na mtu aliyelipa dola 60 hazimi kwa urahisi.

La pili, mchezo uliotoka kwa nia ya kuonyesha ubatili wa kisasi uliwakasirisha watu wengi. Baadhi yao walimtumia vitisho vya kuuawa Laura Bailey, mwigizaji aliyempa Abby sauti, naye akavitangaza hadharani mwezi Julai 2020. Watu hao walikuwa wamekaa na adui yao kwa saa nyingi, wakamwita kwa jina, wakala chakula chake, lakini hawakujifunza kitu. Basi jina peke yake halitoshi. Twajua hayo darasani pia: mwalimu aweza kuita majina 45 kila asubuhi bila kumtazama mtoto hata mmoja.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii, nasi twaitoa kwa unyenyekevu wa watu waliojifunza jambo hili uzeeni. Nguvu ya michezo hii mikubwa iko katika kujali kwake kila kitu, na udhaifu wake uko pale kujali huko kunapokoma. Tope lilijaliwa, jani lilijaliwa, uso wa mke ulijaliwa. Yule wa ukingoni mwa jabali hakujaliwa, na mafundi waliochoka hawakujaliwa. Mchezo hautamfanya mtoto mwuaji. Waweza hata kumfundisha mengi. Lakini hauwezi kuuliza kwa niaba yetu, “Huyo ni nani?” Swali hilo lazima litoke kwa mtu aliyeketi sebuleni.

Tulifanyaje basi? Mchezo wa pili tumemkataza kijana mpaka afikishe miaka 18, ijapokuwa tumeusifu, kwa sababu ukatili wake wa macho ni mkubwa na hatutaki aupokee peke yake usiku. Hilo alilipokea kwa uso wa huzuni. Mchezo wa kwanza hatukumkataza. Tulimwekea saa, na tulimwomba ruhusa ya kuketi naye. Tulimsimulia habari za meli ya mwaka 1695, akanyamaza, kisha akauliza kama mahujaji wale walipata kurudi kwao. Siku nyingine tuligundua kwamba katika sehemu fulani za mchezo mtu aweza kutambaa majanini na kupita bila kumgusa askari hata mmoja. Hatukumwambia afanye hivyo. Mara alifanya, mara hakufanya, na alipofanya alidai ni kwa ajili ya kuokoa risasi.

Usiku wa mwisho wa likizo aliumaliza mchezo. Majina ya watu wote walioutengeneza yakaanza kupanda kiooni, mistari kwa mistari, nyimbo zikilia taratibu. Akanyoosha mkono kuzima. Tukamwomba aache kidogo. Akaketi tena, tukayasoma pamoja, mengine tukishindwa kuyatamka: wachoraji, wahasibu, wapishi wa sauti za miguu na milango. Yalikuwa mengi sana. Kabla hayajaisha, umeme wa luku ukaisha, nasi tukabaki gizani tukicheka.

Wazazi na walezi, tusiwaachie mashine hizi watoto wetu, wala tusizivunje kwa hasira. Twende tukaketi. Atakayeketi na kuona tofauti na tulivyoona sisi, atuandikie katika toleo lijalo, tutafurahi kusahihishwa.